Pampu ya Miwa kwenye Sukuma ya Mama

Kabla hamjasimuliwa na watu wengine wa Kabras, afadhali mnisikie mimi mwenyewe: ile sukuma wiki ya mama, mboga yetu ya majani, ilikufa kwa mkono wangu, na akina mama wa kanisa waliiona.

Miaka hiyo ya miwa kila mtu alikuwa amepanda miwa mpaka karibu na mlango wa jikoni, mboga ikawa ya kutafutwa, nasi tukabaki na kipande kimoja tu nyuma ya nyumba, ambacho mimi nilikuwa nakionanga kama shamba kubwa (hata rangi ya pikapu nilikuwa nimechagua). Mama akaalika akina mama wa kanisa waje kula, akawaambia mboga imelimwa na mwanawe. Basi wadudu wakaingia. Nikanunua dawa, nikasoma kibandiko chote, nikavaa gambuti, nikajifunga kitambaa puani, nikangoja jioni nyuki waende kulala (nawahurumia), tena mapema kabla ya siku ya wageni, ili siku za kungoja dawa iishe nguvu zipite kabla ya kuchuma. Kilichokosekana ni pampu. Nikaazima ya jirani yetu Wafula, ile anayopigia dawa ya magugu kwenye miwa, naye akaniambia niioshe kwa sabuni, nirudie tena na tena. Nikainusa, nikafikiria kisima kilivyo mbali, nikasema haina neno, nikapiga dawa bila kuiosha.

Majani yalipoanza kujikunja nilimwambia mama ni jua.

Siku ikafika, mama akawaleta wageni shambani wakiimba, na wimbo ukawa unakatika kadiri walivyokaribia. Kukhu Rasoa, bibi mzee kuliko wote, akainua jani.

"Mjukuu, hii ni sukuma ama ni mkia wa nguruwe?"

Wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, akasema ikipikwa itanyooka tu, akainama kuchuma. Ningenyamaza, wangekula.

"Mama, usichume. Pampu ilikuwa na dawa ya miwa."

Akaliachilia jani. "Na ulisema ni jua."

Ikabidi achinjwe Kapteni, jogoo wangu aliyekuwa akinifuata mpaka kisimani. Wakati wa kupakua, mbele ya wote, mama akaniwekea firigisi, kipande cha mwenye boma. Kukhu akasema, "Kula, wewe umetuokoa tumbo."

Nilitafuna firigisi ya rafiki yangu mpaka ugali ukapoa.

Siku hizi nina pampu yangu ya mboga, nimeifunga utepe mwekundu, miwa haiijui. Ukija kuiazima nitakukaribisha chai tu.