Kioo Kilichosuguliwa na Ziwa

Asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa ufukweni Lweba nikiziba nyavu, uso ziwani, kama tunavyokaa mafundi wote ili tuione mitumbwi ikirudi. Jua lilipopanda juu ya maji, mwanga mwembamba kama upinde ukawaka pembeni mwa jicho langu la kulia.

Jicho hilo nilikuwa nimepasuliwa hospitalini, mjini Baraka, wiki mbili kabla. Mtoto wa jicho alitolewa, nikawekewa lenzi ndogo ndani. Nilikuwa naona vizuri, lakini mwanga ule ulinitisha. Nikadhani daktari amekosea, nikaapa kwamba jicho la kushoto, lililokuwa likizidi kuingia ukungu, sitampa mtu.

Nilipomweleza Yaya Zaituni, dada yangu mkubwa, akaacha ndakala zake, dagaa alizoanika juani.

"Ulirudi kumuuliza munganga mwenye alikupasua?"

"Nitamuuliza nini? Jicho iko yangu."

"Haya, kaa nayo. Siku utashona kidole ku wavu, usiniite."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nikaenda naye. Daktari alieleza taratibu kwamba ukingo wa lenzi hurudisha mwanga unaoingia kwa ubavu, kwamba wengi huzoea baada ya muda, na kwamba ziko lenzi ambazo ukingo wake umekwaruzwa makusudi. Niliitikia kwa kichwa tu. Yaya aliona kwamba sijaelewa.

Tuliporudi ufukweni akaokota vipande viwili vya chupa, kimoja kipya, kingine kimesuguliwa na mchanga na mawimbi, kama vile tulivyochezea utotoni. Akavigeuza juani.

"Ona. Hii inachoma. Hii, ziwa ilisha kuitengeneza."

Cha kwanza kilinipiga machoni. Cha pili kilitulia kama maziwa. Hapo nikaelewa kazi ya ukingo uliokwaruzwa.

Nikavaa kofia pana, nikageuza kiti, jua likawa mgongoni. Mafundi wenzangu hawakuniacha: "Muzee anangoja mitumbwi itoke Fizi, kule ku milima." Waliendelea kucheka hata upinde ulipofifia. Jicho la kushoto nikalipeleka mwenyewe, nikaomba lenzi ya ukingo uliokwaruzwa. Leo uzi wa wavu natia sindanoni bila msaada.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Mwanga usiouelewa usiufanye siri: mrudie aliyekutibu, na usipoelewa, uliza tena. Jikinge na jua, wala jicho usilisugue.

Mungu akulindie macho yako mawili, na akujalie yaya wa kukusema.