Lita ya Mjomba na Debe la Mama

Harufu ya udongo mkavu uliomwagiwa maji asubuhi hunirudisha Msambweni, katika miaka ya hamsini, kwenye bustani ya mama nyuma ya nyumba yetu ya makuti. Mwaka ule mama alikuwa ameotesha miche ya nyanya kwa mbegu zake za mwisho, maana nyingine zote zililiwa na panya. Mjomba Bakari, aliyekuwa baharia, alimletea kopo la mbolea nyeupe kama chumvi kutoka Italia. Alipokuwa akiaga, alinisomea maandishi ya kopo: kijiko kimoja kwa lita kumi za maji. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma skuli, kwa hiyo kazi ya kupima nikapewa mimi.

Lita sikuijua. Skuli tulifundishwa painti na galoni, nyumbani tulipima kwa kibaba na pishi. Nikaona aibu kuuliza, nikajiambia kwamba lita ndiyo painti ya Waitaliano. Debe letu lilichukua galoni nne, yaani painti thelathini na mbili. Basi nikatia vijiko vitatu, tena vya kujaa pomoni. Nikamwagilia jioni tatu mfululizo, kifua mbele. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa zimeungua, na miche mingi imelala chini.

Mama alichutama akaigusa mmoja mmoja.

"Mwanasha, hiyo lita ni kubwa kiasi gani?"

"Sijui, mama."

"Hukujua, nawe ukapima?"

Nikalia. Akanifuta uso kwa upindo wa leso, akaniambia tuimwagilie miche maji matupu, kisha tukaenda kwa mpima dawa wa zahanati, mzee mpole aliyekuwa na jagi la kioo lenye alama za painti upande mmoja na za lita upande wa pili.

"Shikamoo, babu," nikasema. "Lita moja ni painti ngapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni painti moja na robo tatu." Akamimina maji nikaona kwa macho yangu.

Nikapiga hesabu mchangani: debe ni lita kumi na nane. Vijiko viwili, tena visijae! Nilitaka ardhi inimeze. Tuliporudi, mama alihesabu miche iliyosalia. Ilikuwa kumi na mmoja. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. Wiki iliyofuata miche ilipopata nguvu, akanikabidhi kopo na kijiko. Nikapima vijiko viwili visivyojaa. Yeye akaenda zake kupalilia, wala hakugeuka kunitazama. Msimu ule tulikula nyanya, ingawa chache.

Siku hizi hapa Ukunda ninakoishi kila chupa ina alama zake, na wajukuu wangu huuliza simu, ikawajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Hawakosei vipimo, nami nafurahi. Lakini tangu mama afariki, sijampata mtu wa kunirudishia kazi niliyoiharibu, kisha akanipa mgongo kwa kuniamini.