Mkono wa Lodi Nassibu

Babu yangu mzaa mama, Nassibu, alikuwa dobi Temeke miaka ya thelathini, Mwingereza akitawala. Siku za kazi alifua na kupiga pasi nguo za wakubwa wa serikali. Jumapili alikuwa Lodi. Ndicho kilikuwa cheo chake katika Nyota, chama cha beni, ngoma ya kuiga gwaride na vyeo vya Wazungu, na msidhani alikiona mchezo.

Ulodi wenyewe alifundishwa na jirani yake, Mwalimu Theonest, Mhaya mwenye kitabu cha habari za Uingereza ya kale. Jioni alimsomea habari za lodi mmoja: aliishi kwenye ngome ya mawe, akala pamoja na askari wake, akawa na upanga, mke mshika funguo zote, na mabinti aliowaoza kwa maadui ili vita viishe. Babu akachukua aliyoyapenda. Ua wa makuti akauita ngome. Upanga akachongesha wa mbao. Bibi yangu Mwamvita akawa Ledi, akakabidhiwa funguo, ingawa nyumba nzima ilikuwa na kufuli moja. Ile habari ya mabinti na maadui aliipita kama haikusomwa.

Na maadui walikuwepo: Bendera, beni ya mtaa wa pili. Sheria ilikuwa kwamba Lodi wa Nyota hampi mkono mtu wa Bendera mpaka huyo ampigie saluti kwanza. Na mtu wa Bendera akimpigia saluti mtu wa Nyota, kwao anafukuzwa.

Sasa mama yangu Tunu, katika vijana wote wa Temeke, akampenda Hija, mpiga tarumbeta wa Bendera!

Babu alinuna, hata chakula akasusa. Bibi akamuuliza, "Baba Tunu, huyo lodi wa kitabuni binti zake aliwaozaga kwa nani?" Babu akaipokea posa shingo upande.

Ikabaki shida ya ndoa yenyewe, maana baba humshika mkono bwana harusi ndipo amwozeshe. Wazee wa Nyota wakamwonya: akimpa Hija mkono bila saluti, ulodi basi. Wakamshauri amwachie shehe amwakilishe.

"Mwanangu wa pekee aozwe na mtu mwingine, na mie niko hai?" Babu aliwaka.

Siku ikafika. Babu aliketi mkekani na kanzu yake, juu yake mkanda mwekundu wa ulodi. Nyota upande huu, Bendera upande ule, wote wamekodoa macho.

"Shikaneni mikono," shehe akasema.

Hakuna aliyesogea. Hija alikuwa akitoka jasho. Alimtazama Babu, akawatazama wenzake wa Bendera, kisha taratibu akaanza kuuinua mkono kuelekea kichwani.

Babu akaudaka njiani.

"Shusha, mwanangu," alimwambia. "Usifukuzwe kwenu kwa ajili yangu." Kisha, kwa sauti kubwa, bila kuuachia ule mkono, akamwoza.

Wazee wa Nyota walimvua mkanda kabla pilau halijapakuliwa. Aliwanyanyulia mikono wamvue upesi, maana alikuwa na njaa.

Mama alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Alisikia jina lake likitajwa na baba yake mwenyewe, akalia mpaka wanja ukamchafua uso mzima, na aliyekuja kumfuta naye akalia.