Nilipomhakiki Baba

Mikono ya mama ilinuka dawa ya vyoo na wino wa magazeti. Alisafisha mabehewa ya treni alfajiri, na magazeti yaliyoachwa na abiria aliyaleta nyumbani kwetu Thamesmead, pembezoni mwa London, kwa sababu baba alitaka nisome Kiingereza kila siku. Miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo imeanza, nina miaka kumi na miwili, na ulikuwa mwaka wa tano tangu tutoke Bukavu, Kongo. Mengi yalikuwa magazeti ya udaku. Katika mojawapo kulikuwa na mwandishi aliyehakiki muziki na vipindi vya televisheni, mtu mwenye ulimi mkali kupita kiasi. Waimbaji, watangazaji, waigizaji, wote aliwachana vipande: sauti zao, nguo zao, hata meno yao. Nilimpenda sana. Shuleni nilikuwa mtoto wa lafudhi ya ajabu ambaye hakuna aliyekaa naye mezani, na yeye alinionyesha kwamba anayechekesha haguswi. Nikawa nakariri sentensi zake bafuni mpaka zikakaa mdomoni kama zangu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alipoanzisha gazeti la shule, nilijitolea kuandika uhakiki. Kila mtu alitegemea niandike juu ya vipindi vya televisheni. Mimi niliandika juu ya kwaya ya kanisa letu, iliyokuwa ikiongozwa na baba. Sikumtaja jina wala kusema ni nani kwangu. Nilisema kiongozi ana sauti ya friji bovu, linalonguruma, linanyamaza ukidhani limekufa, halafu linaanza tena. Nilisema suti yake inamsubiri mtu mwingine, mnene zaidi. Darasa zima lilicheka, na kwa mara ya kwanza nikapata mtu wa kula naye chakula cha mchana.

Lazima niseme baba alikuwa nani. Bukavu alikuwa mwalimu. London alikuwa mtu wa kufagia maghala na kuitwa kwa jina lisilo lake, na alivumilia wiki nzima kwa ajili ya Jumapili, siku aliyosimama mbele ya watu, akafumba macho na kuimba. Hicho ndicho kitu pekee alichokuja nacho ambacho hakuna ofisa wa uhamiaji aliyekiombea ushahidi. Nilijua hilo. Nililijua hata nilipokuwa naandika.

Mama alilikuta lile gazeti la shule mkobani mwangu akaliona jina langu limechapwa. Baba alilibeba kanisani kwa fahari, ndani ya Biblia. Kwetu barua yoyote ya Kiingereza ilisomwa na watoto, kisha ikatafsiriwa, maana wazazi wengi, baba akiwemo, hawakukijua Kiingereza na watoto ndio tuliokuwa wakalimani wa kila kitu. Baada ya matangazo akaniita mbele. "Usome kwanza Kizungu, mama," aliniambia kwa Kiswahili cha Bukavu, ambako baba humwita binti yake mama. "Basikie."

Nilisoma sentensi moja kwa Kiingereza jinsi ilivyoandikwa, kisha kwa Kiswahili nikasema kiongozi wetu ana sauti nzito iliyojaa neema. Wazazi wakasema amina. Watoto, waliokaa viti vya nyuma, wakaangua kicheko. Nikasoma ya suti, nikatafsiri kwamba amevaa kwa heshima. Amina mbele, kicheko nyuma. Baba alisimama kando yangu akitabasamu, kisha tabasamu likaanza kumwisha, akageuka kutazama nyuma.

"Bale batoto banacheka nini?" aliniuliza polepole.

Alilichukua gazeti mkononi mwangu, akalikunja, akarudi kwenye kiti chake.

Jioni ile aliniketisha mezani jikoni. "Soma tena. Kiswahili tu. Usiongeze kitu." Nikamsomea yote, friji na suti, nikilia. Alisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi wake. Nilipomaliza akasema, "Unaandikaka muzuri." Hakunipiga, wala hakunikemea. Ningeshukuru angefanya hivyo. Jumapili iliyofuata alikaa safu ya mwisho ya kwaya, na mtu mwingine akaongoza. Hakuimba peke yake tena mpaka tunamzika.

Siku hizi yule mwandishi hasikiki. Magazeti yale yamepungua kwenye treni, na kila abiria ana simu anayoweza kumchana nayo mtu yeyote amtakaye. Wanangu wamezaliwa hapa, Kiswahili wanakisikia lakini wananijibu kwa Kiingereza. Juzi mdogo aliniuliza babu yake alikuwa na sauti gani. Nimeulizia kwa waumini wote wa zamani, hakuna aliyewahi kumrekodi. Nilimwambia ilikuwa nzuri. Akataka kujua nzuri namna gani, nikafumba macho kuitafuta, na kilichonijia ni lile friji.