Seva ya Fundi Lifti Iliyokataa Kulala

Jumatatu tarehe 4 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, fundi lifti ambaye wenzake kazini wanamwita Ghorofa alikuwa amesimama juu ya kibanda cha lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba ya jengo la ofisi. Saini yake ipo kwenye kitabu cha ukaguzi cha jengo hilo, na saa imeandikwa pembeni. Dakika hiyohiyo seva aliyoiunda kwa mikono yake, iliyo ndani ya kabati la sebuleni kwake, iliamka. Nyumbani alikuwepo mama yake peke yake, na macho ya mama hayawezi tena kutafuta swichi.

Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, ikaongezewa diski mbili na feni isiyo na kelele. Inahifadhi filamu za mkewe, picha za ukoo, na kitu kilichosababisha iundwe: sauti ya baba. Baba alifanya kazi mgodini miaka kumi na sita. Kalamu haikumkaa mkononi, kwa hiyo barua zake alizisema kwenye kaseti. Zilikuwa arobaini na moja. Ghorofa aliziingiza zote kwenye seva, kisha akazitupa kwa sababu utepe ulikuwa umeota ukungu. Kila siku saa kumi jioni mama huketi karibu na spika akamsikiliza marehemu mumewe akiulizia paa linalovuja na mbuzi aliyepotea.

Mashine ilipangwa ilale baada ya dakika ishirini bila kazi. Tangu siku ile ya Machi, Ghorofa alikuwa akirudi kutoka kazini anaikuta macho, kabati lina joto kama jiko.

Aliitafutia ugonjwa kama fundi. Alidhani malori ya barabarani yanatikisa meza na kipanya kinasogea, akachomoa kipanya. Akazima programu zinazojisasisha zenyewe. Akachomoa waya wa televisheni. Akabadilisha betri ndogo inayotunza saa.

"Mimi nikilala Jumapili mchana unaniamsha nipike," mkewe alimwambia. "Hiyo mwenzangu hutaki hata ipepese jicho. Unataka ilale usingizi wa pono."

"Wewe hutumii umeme."

"Natumia sabuni, na hujawahi kunifungua kifuniko uone ninachougua."

Katika wiki hizohizo mama alianza kuulizia kaseti moja. "Ile ya mvua iko wapi? Ile baba yenu anayoanza kwa kusema mvua imewafungia ndani."

Ghorofa alitafuta kwenye orodha, ambayo programu huipanga namba yenyewe. Haikuwepo. "Mama, hiyo haijawahi kuwepo. Labda uliota."

"Haya," mama alisema.

Baada ya siku chache aliulizia nyingine, na hiyo nayo haikuwepo. Ghorofa akampeleka kwa daktari kupimwa kumbukumbu. Daktari alimuuliza siku, mwezi, majina ya wajukuu, na hesabu ya kurudi nyuma kutoka mia moja. Mama alijibu yote bila kukosea, kisha akamuuliza daktari kama amekula. Hakuulizia kaseti tena.

Mwezi wa Aprili seva ilipona. Ililala fofofo wiki tatu mfululizo, ikiamka saa kumi tu. Ghorofa aliisifia ile betri mbele ya kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Mwezi wa Mei ikarudia. Siku za kazi tu, saa nne na dakika ishirini. Jumamosi na Jumapili, kimya.

Katika kazi ya lifti kuna kanuni ambayo kila mwanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza. Wapangaji wakisema lifti ina shetani, inapanda yenyewe, fundi hafungui mota. Anatafuta kitufe. Lifti haiji bila kuitwa. Ghorofa amewaambia wapangaji maneno hayo kwa miaka ishirini na mitano, na kwa miezi miwili hakujiambia mwenyewe.

Alifungua kumbukumbu za mashine. Kila mstari ulisema jambo moja: iliamshwa na ishara kutoka kwenye mtandao, nje ya nyumba, na aliyeiamsha aliacha muunganisho wazi ikashindwa kulala. Ishara ya aina hiyo haiji kwa bahati mbaya. Lazima mtu aitume. Nje ya nyumba aliyeweza kuituma alikuwa mmoja, mdogo wake, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambayo mwezi wa Aprili ilikuwa likizo wiki tatu. Ghorofa mwenyewe ndiye aliyemwekea programu kwenye simu ili naye amsikilize baba akiwa kwake au kazini, na alimpa nenosiri lilelile analotumia yeye, lenye ruhusa zote.

"Baba yetu ni mmoja," anasema. "Ningempaje nusu ya ufunguo?"

Aliomba ruhusa siku moja akakaa mbele ya kabati. Saa nne na dakika ishirini, wakati wanafunzi wanapotoka kwenda mapumzikoni, taa ya kijani iliwaka. Orodha ya kaseti ilikuwa wazi kwenye skrini. Kaseti ya ishirini na tatu ikatoweka. Alichomoa waya wa mtandao, akapiga simu.

"Kaka, niko mapumzikoni, sema haraka."

"Najua uko mapumzikoni. Ya ishirini na tatu umeipeleka wapi?"

Kikombe kilisikika kikitua kwenye kisahani.

"Wanangu wanazisikia hapo kwako kila Jumapili, baba akiulizia utoro wangu," mwalimu mkuu alisema. "Mkubwa ameniuliza, baba, ulitoroka shule mara ngapi? Mimi ndiye ninayewasimamisha watoro mbele ya shule nzima, kaka."

"Humo humo baba anasema fimbo zako nilichapwa mimi. Sikuzifuta."

"Wewe umesifiwa. Ungezifutia nini?"

"Nimempeleka mama hospitali kwa ajili yako."

Kengele ililia upande wa pili. Mwalimu mkuu alisema ana kipindi, akakata.

Kaseti sita zimepotea; siku nyingine zote mwalimu mkuu alisikiliza tu, akitafuta anapotajwa. Diski ya pili, iliyowekwa kwa ajili ya ajali, hunakili ya kwanza papo hapo kama kivuli: kinachofutwa huku hufutwa na kule. Ghorofa alijaribu programu tatu za kufufua mafaili, akapata sekunde kumi na moja za baba akikohoa.

Jioni hiyo alimweleza mama kila kitu. Mama alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Nilijua hazipo," alisema. "Nilidhani umenifichia wewe, ndiyo maana nikanyamaza. Mwenye kufuta ameniibia mume. Wewe uliniibia akili."



Nenosiri limebadilishwa, na seva inalala. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, Ghorofa atamwekea mama kinasa sauti mezani, naye atasema yote anayoyakumbuka kwenye kaseti sita, kuanzia ile ya mvua. Mama ametoa agizo moja, kwamba mwanawe mdogo awepo na asikie. Mwalimu mkuu amepelekewa ujumbe. Akija au asipokuja, saa nne kinasa sauti kitawashwa.