Mechi Iliyochezwa Chini ya Leso

Nilimaliza kidato cha nne katika shule ya jioni mjini Thika nikiwa na ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia. Mchana nilibeba mizigo kiwandani, jioni nilichambua sentensi, na nikaipenda lugha kiasi kwamba hata leo nikisikia neno geni nasimama katikati ya barabara mpaka watu wa boda boda wanitukane. Matusi yenyewe nayachambua pia.

Penzi langu la pili ni mpira, na hayo mawili sijawahi kuyatenganisha. Wenzangu huja kwenye kibanda cha mpira pale Gatongora kutazama mabao. Mimi huja kumsikiliza mtangazaji. Nimewaeleza watu wote wa Ruiru, na nusu ya Juja, kwamba penalti huitwa mkwaju kwa sababu humwacha kipa na uso wa mtu aliyelamba ukwaju mbichi. Hakuna aliyewahi kudai ushahidi. Na hilo neno kufungwa! Timu ikifungwa, mimi husimama nikawatangazia mashabiki wake waipelekee sabuni na mkate, na wasichelewe, kwa maana askari jela hawapendi wageni wa jioni. Huo ndio mzaha wangu bora kabisa. Kila wiki nautoa, na kila wiki kibanda kizima huniambia, "Keti chini, mwalimu!"

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiucheka: mpenzi wa binamu yangu. Walikutana hapo hapo kibandani, kila mmoja amevaa jezi ya timu nyekundu, na binamu yangu akaona hiyo ni ishara kutoka mbinguni. Kwa hiyo alipoamua kupeleka mahari kwa wazazi wa msichana huko Ngoliba, akanichagua niwe msemaji wa upande wetu.

"Mwalimu, wewe una maneno," akaniambia. "Lakini ile ya sabuni na mkate, tafadhali, usiiseme mbele ya wazee."

Taabu ikawa tarehe. Wazee walichagua Jumamosi ambayo nyekundu walikuwa wanacheza na bluu, mechi ambayo ikifika hata ng'ombe hupunguza maziwa. Vijana wote wa pande zote mbili tulilijua hilo. Nani angemwambia mzee mwenye kofia na fimbo kwamba mahari isubiri mpira? Tukanyamaza, tukavaa suti, tukaenda.

Tulipokelewa vizuri. Tuliimba langoni mpaka wakatufungulia, tukanywa chai, tukasalimiana kuanzia mzee hadi mtoto wa mgongoni. Kisha shangazi mkubwa wa msichana, mama mwenye sauti ya kusimamisha trekta, akasimama katikati ya hema.

"Sasa kijana aje achague mke wake!"

Ni desturi yetu katika ruracio, sherehe ya kupeleka mahari. Msichana hufichwa kati ya wenzake, wote wamefunikwa leso kuanzia utosini, na mwanamume anapaswa kumtambua bila kugusa wala kusemezana naye. Mara nyingi si kazi. Unachungulia viatu, unaona kucha zilizopakwa rangi juzi, unamaliza. Lakini mashangazi wa Ngoliba hawakuja kucheza. Zilitoka leso tano zikitembea, na chini ya kila leso kulikuwa na gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya shambani. Nyeusi. Zenye matope ya shamba moja.

"Ukikosea mara ya kwanza, faini ni mbuzi," shangazi akatangaza. "Ukikosea mara ya pili, mnabeba vitu vyenu mnarudi Ruiru. Mtakuja mwaka ujao, mkishamjua mtoto wetu."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Binamu yangu akatoa jasho la kumwagilia shamba la nyanya.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "hawa wote wametoshana. Nisaidie."

Nikafikiri haraka, kisomi. Kila mtu ana kicheko chake, hakikopeshwi. Tungepata kicheko, tungempata mwenye kicheko. Nikasimama, nikavuta koti.

"Wazee wangu, kabla hajachagua, naomba niseme neno moja tu."

Nikatoa ile ya sabuni na mkate.

Kuku mmoja aliondoka. Leso hazikutikisika hata moja. Mjomba wetu akanivuta koti kwa nyuma.

"Keti chini, kijana. Hata kama umesoma."

Basi ni wakati huo, binamu yangu akiwa amesimama mbele ya zile leso kama mtu aliyesahau namba ya simu yake, ndipo redio ilipoingilia kati. Wapishi walikuwa wameiweka jikoni kando ya sufuria ya pilau, ikinong'ona tu, wazee wasijue. Ghafla mtangazaji akapasuka:

"Bao! Bao! Baooo la nyekundu! Mlinda lango ameokota mpira wavuni kama mama anayeokota embe!"

Hiyo sentensi ningeichambua wiki nzima, ila sikupata nafasi. Leso ya pili kutoka kushoto iliruka. Gambuti zote mbili ziliacha ardhi, nami naapa zilikaa hewani muda wa kuchemsha yai. Ngumi ikainuka chini ya kitambaa.

"Ni huyu!" binamu yangu akapiga kelele, akakimbia, akaikumbatia leso ile kwa nguvu zote.

Shangazi akaifunua. Alikuwa nyanyake msichana.

"Haiya!" yule shosho akasema, bado ameinua ngumi. "Umeniona mimi ndiye mrembo? Mimi niko tayari, mtoto wangu. Lakini uniletee televisheni kubwa, hii redio imenichosha."

Hema lilikaribia kung'oka kwa vicheko. Wazee wakafuta machozi kwa kofia. Mbuzi akaenda hivyo.

Lakini binamu yangu hakuwa akicheka. Alikuwa amebakisha nafasi moja.

"Mbona hakuruka?" akaniuliza. "Yeye ni nyekundu. Angeruka."

"Labda amejizuia. Ameambiwa asitikisike."

"Kwa bao la nyekundu? Hawezi."

Akazitazama leso zilizobaki, moja moja. Mimi pia nikatazama. Tatu zilisimama wima. Ya nne, ile ya mwisho kulia, ilikuwa imejikunja katikati kama hema lililong'olewa nguzo. Jikoni redio ikarudia kusimulia lile bao, na mikono miwili ikapanda chini ya kitambaa, ikashika kisogo.

"Achana na huyo," nikamshauri. "Huyo ni wa bluu, anaomboleza. Chagua kati ya hao wengine."

"Anashika kisogo hivyo stima ikipotea akiwa anapiga pasi," akasema polepole.

"Lakini huyo ni wa bluu!"

"Nimeona, mwalimu."

Safari hii hakukimbia. Alitembea mpaka mbele ya ile leso, akasimama.

"Tangu lini?" akauliza.

"Hakuna kuongea!" shangazi akanguruma.

"Basi ni huyu."

Shangazi akaifunua. Ni yeye, mashavu yamelowa.

"Tangu shule ya msingi," msichana akasema. "Ile jezi ilikuwa ya kaka yangu. Siku ile ungeninunulia chai nikiwa na ya bluu?"

"Nisingekununulia hata maji."

"Umeona?"

Hema zima lilimngoja. Hata shosho alishusha ngumi. Binamu yangu aliangalia jikoni, akamwangalia msichana, akashusha pumzi ya mtu anayetua gunia la mahindi.

"Shangazi, nimesema ni huyu. Na sibadilishi."

Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Tulikula pilau iliyoshika chini, maana wapishi waliikimbia sufuria waje kuona. Mimi nikaendelea na hotuba ya upande wetu, ndefu na tamu, ila wahusika wenyewe hawakuisikia. Walikuwa jikoni juu ya vigoda, redio katikati yao, na kila mpira ulipokaribia lango, mmoja alimziba mwenzake mdomo.