Nakhungu Aliyeandika Kosa Lake Mwenyewe

Saa mbili asubuhi. Nakhungu Wasike anasukuma kitoroli cha dawa kati ya vitanda thelathini na sita vya wadi ya wanaume, katika hospitali moja mjini Kisumu. Anasimama kwa mgonjwa wa kwanza.

"Kitendawili."

"Tega, Mama," mzee anajibu kwa sauti ya homa.

"Ni changu, lakini wengine wanakitumia kuliko mimi."

"Jina."

"Haya, lako nani?"

Akishalisikia na kulikuta kwenye kadi, ndipo anapotoa vidonge.

Mpaka Aprili mwaka huu wa 1974 aligawa dawa kwa namba ya kitanda, kama wauguzi wenzake wote. Lakini wagonjwa wa huku hawapendi kulala mbali na mtu wa kwao. Daktari akitoka tu, wanabadilishana vitanda wapate wa kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Ndivyo Dalmas, mvuvi wa ufukwe wa Dunga aliyevunjika mguu, alivyohamia kitanda cha mwenzake kabla mguu haujaning'inizwa, akadungwa sindano ya kushusha sukari iliyokuwa ya mwenzake huyo.

Haukupita muda, jasho likamtoka, mikono ikatetemeka. Watu wakasema ni malaria. Nakhungu alisoma jina kwenye kadi, akajua peke yake kuwa siyo. Angenyamaza, nani angemshika? Mumewe ameshafariki, na watoto wanne wanautegemea mshahara wake.

Alimkimbilia Sista Elsie, mkuu wa wadi. "Sista, nimedunga mtu sindano si yake. Apewe sukari sasa hivi."

Dalmas akapona. Nakhungu akapewa barua ya onyo: kosa la pili, nyumbani. Naye alifanya nini? Alinunua daftari, akalitundika ukutani, akaandika kosa lake na jina lake ukurasa wa kwanza. Wenzake waliogopa wiki tatu nzima, kisha nao wakaanza kuandika. Leo yamo makosa kumi na mawili.

La kumi na mbili ni lake tena. Jumanne alisahau kutia alama kwenye kadi, akampa mgonjwa vidonge mara mbili. Mgonjwa hakudhurika, wala hakuna aliyeona. Aliandika.

"Mama, wewe umerogwa?" Dalmas anamtania, mguu ukiwa bado umening'inizwa. "Si ungefunga mdomo?"

"Ningeufunga Aprili, Baba, leo ungekuwa hai unitanie?"

Jumatatu ataingia kwa matroni, mkuu wa wauguzi wote, kuhukumiwa kwa kosa hilo la pili. Yunifomu ameshaipiga pasi. Anapanga kuomba jambo moja kabla hajaambiwa lolote: kila wadi iwe na daftari, na madaktari nao waandike.

"Wakinifukuza, nitarudi Bungoma kulima," anasema, akikisukuma kitoroli kwa mgonjwa anayefuata. "Ila daftari wasilitoe ukutani."